Laiki Elfu Moja, Wachangaji Kumi na Tisa: Majibu kwa Wasomaji Kuhusu Kuchangisha Mtandaoni

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa watu wanaochangisha fedha: wahitimu wa shule, ndugu wa wagonjwa, kamati za misaada. Zilizofanana tumeziunganisha, na majina ya waulizaji tumeyaacha.

Tunachangisha fedha za kisima cha shule tuliyosoma. Bandiko letu la Facebook lina laiki zaidi ya 1,000 na limesambazwa mara 300 hivi. Siku kumi zimepita, waliochanga ni 19. Tumekosea wapi?

Bandiko halina kosa. Mmelibebesha kazi isiyo yake. Kubonyeza laiki hakumgharimu mtu kitu, na wengi wakishabonyeza huondoka wakijihesabu kuwa wameshiriki. Mwaka 2012 video ya kampeni ya Kony 2012, iliyodai kukamatwa kwa kiongozi wa waasi wa Uganda Joseph Kony, ilitazamwa zaidi ya mara milioni 100 ndani ya siku sita. Ilipofika Aprili 20, usiku ambao watazamaji walitakiwa watoke kubandika mabango mitaani, waliojitokeza katika miji mingi walikuwa wachache mno.

Linganisheni na kampeni ya ndoo ya maji ya barafu ya mwaka 2014, iliyokiletea chama cha Marekani kinachopambana na ALS, ugonjwa wa neva unaodhoofisha misuli, takriban dola milioni 115. Watu hukumbuka maji. Sisi tunaona nguvu yake ilikuwa kwingine: kila aliyejimwagia aliwataja wenzake kwa majina, kwa kawaida watatu, akawapa saa 24 nao wajimwagie au wachange, na dunia nzima ikiona. Aliyetajwa kwa jina hawezi kujificha nyuma ya umati.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Kaeni watu watano, kila mmoja aandike majina 30 ya watu ambao wakiona simu yake wataipokea. Ondoeni yaliyojirudia. Kila jina lipewe mtu mmoja tu wa kuliandikia, faraghani, kwa ujumbe mfupi wa namna hii: “Dada Rehema, habari za siku nyingi. Kisima cha shule yetu kimeshachimbwa, bado pampu na mita 60 za bomba. Nakuomba ubebe mita mbili kabla ya Ijumaa saa 12 jioni. Namba ya malipo ni hii hapa chini, na jina litakalotokea ni la kikundi chetu.” Msiandike “changia chochote ulichonacho”. Neno chochote linaonekana la heshima, lakini linamwachia mtu hesabu ya kufanya, naye huiahirisha mpaka mwisho wa mwezi, kisha anasahau. Asipojibu, mkumbusheni mara moja baada ya siku tatu, na mara ya mwisho siku moja kabla ya kufunga. Zaidi ya hapo ni usumbufu.

Kisha ipimeni njia ya malipo. Mpeni simu mtu asiye kwenye kamati, mwonyesheni bandiko, halafu nyamazeni mumtazame mpaka pesa itoke. Anapokwama yeye ndipo walipokwama wengine. Mara nyingi namba iko ndani ya picha tu, hivyo hainakiliki. Au linki imewekwa kwenye maelezo ya picha ya Instagram, ambako haibonyezeki. Na lipo moja linaloua michango kimyakimya: skrini ya kuthibitisha malipo inapoonyesha jina la mtu asiyemjua badala ya jina la kikundi. Anaghairi, wala hawaambii. Kama hamna namba yenye jina la kikundi, tajeni kwenye bandiko jina kamili litakalotokea na cheo cha mwenye jina hilo.

Hata kampeni kubwa huteleza hapa. Mwaka huohuo wa 2014, nchini Uingereza, wanawake waliposti picha zao bila vipodozi, na shirika la utafiti wa saratani la Cancer Research UK likapata pauni milioni 8 ndani ya siku sita. Wachangaji walitakiwa kutuma neno BEAT kwa ujumbe mfupi. Waliotuma DONATE pesa zao zilielekea UNICEF, na wengine simu zao zililigeuza neno lile kuwa BEAR, wakashangaa kupokea ujumbe wa WWF, shirika la kuhifadhi wanyamapori, kuhusu kumfadhili dubu. Neno la kutuma au namba ya kumbukumbu ya malipo liwe moja, fupi, na mlijaribu kwenye simu za aina mbili tatu kabla ya kulitangaza.

Je, ni lazima kutaja lengo? Wajumbe wengine wanaogopa aibu tusipolifikia.

Tajeni. Bila lengo, mchangaji hajui kama mchango wake unasogeza kitu, na kila anayeingia baada ya wiki mbili anadhani kazi imekwisha.

Lengo lianzie kwenye makato. Kama kazi inahitaji 10,000 kwa fedha yoyote mnayotumia, na jukwaa pamoja na gharama za kutuma na kutoa pesa vinakula asilimia 4, msiongeze 400. Gawanyeni 10,000 kwa 0.96, mpate 10,417. Tofauti ni ndogo hapa, ila makato yakifika asilimia 8 au 9 inauma.

Halafu ligeuzeni lengo liwe watu. Elfu kumi inaweza kutoka kwa mmoja wa 1,000, wanne wa 500, ishirini wa 150 na mia moja wa 40. Hao ni watu 125. Mkikadiria kwamba katika kila wanne mtakaowaomba uso kwa uso au kwa ujumbe binafsi mmoja atatoa, mnahitaji orodha ya watu 500. Mkiwa na majina 90 tu, ama lengo lipungue ama wachangaji wakubwa waongezeke. Hesabu hii ichukue nusu saa kabla hata ya kutengeneza bango, na kamati nyingi huiruka.

Msizindue mkiwa na sifuri. Mtu anayekuta kipimo kitupu hujiuliza kwa nini hata ndugu zenu hawajatoa. Kusanyeni kwanza robo ya lengo, au karibu theluthi, kutoka kwa kamati, familia na marafiki wa karibu, ndipo mtangaze hadharani.

Mkipata mfadhili mkubwa, kuna namna bora ya kumtumia kuliko kutangaza tu kwamba ametoa. Mwombeni aahidi kulipa kiasi sawa na kila mchango utakaoingia, mpaka kikomo fulani. Wanauchumi Dean Karlan na John List walilipima jambo hili kwa barua za kuomba michango nchini Marekani, wakachapisha matokeo mwaka 2007: ahadi kama hiyo iliongeza mapato kwa kila barua kwa asilimia 19. Kuahidi 2:1 au 3:1 hakukuzidi ahadi ya 1:1, kwa hiyo msimbane mfadhili kwa zaidi. Ila ahadi iwe ya kweli. Kama pesa yake inakuja hata wengine wasipotoa, kusema inategemea michango yao ni kudanganya.

Kuhusu aibu: andikeni mapema, kwenye bandiko la kwanza, kitakachofanyika fedha zikipungua na kitakachofanyika zikizidi. “Tukifika nusu tutanunua pampu ya mkono, zikizidi, ziada itakwenda kwenye vyoo vya shule.” Mkishasema hivyo, hakuna wa kuwacheka.

Kundi letu la WhatsApp limegeuka soko. Watu wanatuma video za vichekesho, wengine wanagombana kuhusu orodha ya michango, na majina ya waliotoa yanapotea. Tufanye nini?

Majina yanapotea kwa sababu orodha ile kila mtu anainakili, anaongeza jina lake chini, anairudisha. Watu wawili wakinakili toleo lilelile kwa wakati mmoja, mmoja wao lazima afutike, na aliyefutika ataamini ameibiwa. Dawa ni moja: orodha aiandike mweka hazina peke yake, mara moja kwa siku, saa ileile, na juu yake aweke tarehe na saa. Mwenye malalamiko amtumie yeye namba ya muamala, asiandike kundini.

Makundi yawe mawili. La kwanza ni la matangazo, lililowekwa kwenye mipangilio ili maadmini pekee waweze kutuma ujumbe. La pili ni la mazungumzo, na huko vichekesho viendelee. Aliyechoka na kelele atatoka kwenye la pili bila kuwapotea kwenye la kwanza. Kundi moja hubeba hadi watu 1,024. Orodha ya utangazaji, ile inayopeleka ujumbe kwa kila mtu faraghani, hubeba 256, na ina sharti ambalo wengi hawalijui: ujumbe humfikia tu yule aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Ndiyo maana mtu hulalamika kwamba amewatumia watu 200 na waliojibu ni sita. Huenda ujumbe haukuwafikia 150.

Na je, mtangaze kila mtu ametoa kiasi gani? Tunashauri majina bila viwango. Wapo wanaosema viwango huleta ushindani, na ni kweli, lakini huleta pia ukimya wa yule mwenye kidogo, na wenye kidogo ndio wengi. Jumla ya siku inatosha. Mtoaji anayetaka kufichwa aandikwe “Mwanakundi”, na msimuulize sababu.

Jambo la mwisho kuhusu WhatsApp. Ujumbe uliosambazwa mara nyingi hupata alama ya mishale miwili, na tangu Aprili 2020 hauwezi kupelekwa kwa zaidi ya gumzo moja kwa wakati. Watu nao wameshazoea kuudharau, maana ndivyo uzushi unavyosafiri. Badala ya kuomba “sambaza tafadhali”, mwombeni kila mwanakundi aandike mistari miwili kwa maneno yake mwenyewe, aeleze kwa nini yeye ametoa, kisha abandike namba ya malipo.

Tunamchangia mtoto mgonjwa. Mwenzetu anasema picha yake akiwa kitandani na mipira puani ndiyo itakayoleta pesa. Wazazi wamekubali. Tuitumie?

Mwenzenu ana nusu ya ukweli. Watu huguswa na mtu mmoja kuliko takwimu. Utafiti wa Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic, uliochapishwa mwaka 2007, ulionyesha kwamba watu walitoa zaidi kwa msichana mmoja mwenye jina kuliko kwa maelezo ya mamilioni wenye njaa, na kwamba kuweka takwimu pembeni ya habari za msichana yuleyule kulipunguza michango. Kwa hiyo simulizi iwe ya mtoto huyu, na idadi ya wagonjwa nchini iacheni.

Lakini utafiti huo hausemi kwamba lazima aonekane akiteseka. Mtu mmoja anaweza kujulikana kwa mchoro alioupaka rangi, sauti yake ikieleza anachotaka kufanya akipona, mkono wake ndani ya mkono wa mama, au picha yake ya zamani akicheka. Picha ya kitandani itamfuata. Atakapokuwa na miaka 16, mwenzake darasani ataitafuta na kuipata.

Na ridhaa ya wazazi, je, ni ya kweli? Mzazi anayesubiri fedha za matibabu hawezi kusema hapana kirahisi. Mwelezeni kwamba msaada hautegemei picha, mwonyesheni bandiko lenyewe kabla halijatoka, mtajieni mahali litakapowekwa, na mwambieni anaweza kuomba liondolewe siku yoyote. Mtoto mwenye umri wa kuelewa aulizwe naye. Hayo yaandikwe kwenye karatasi, wasaini.

Ondoeni jina la shule, namba ya jalada la hospitali, mkanda wa mkononi wenye jina, na chochote kinachoonyesha anakoishi. Picha ikitumwa kama faili huweza kubaki na taarifa za mahali ilipopigwa. Ipigeni skrinishoti, mtume hiyo. Mkibadilisha jina, semeni limebadilishwa.

Tapeli amechukua bango letu, akafuta namba yetu akaweka yake. Tayari linazunguka. Tuanzie wapi?

Anzeni na ushahidi, kabla hajafuta. Pigeni skrinishoti zenye anwani ya akaunti, namba aliyoweka, tarehe na saa. Pili, pigieni simu kampuni ya malipo au benki yenye namba hiyo, mweleze kwamba inatumika kutapeli. Saa za mwanzo ndizo muhimu, kwa sababu akishatoa pesa hakuna cha kuzuia. Tatu, ripotini bandiko kwenye mtandao husika, na waombeni watu wenu kumi nao waripoti. Nne, wekeni tangazo juu ya ukurasa wenu: namba yetu ni hii moja, haijabadilika, na nyingine yoyote si yetu. Mkiweka mfano wa bango bandia, lichoreni msalaba mwekundu na mzifute tarakimu zote. Tumeona kamati zikimtangazia tapeli bila kujua. Polisi nao wapewe taarifa. Hata wasipompata, namba ya jalada husaidia benki kuchukua hatua.

Kwa bango lijalo, namba isikae kona ya chini kwenye eneo jeupe linalofutika kirahisi. Ipitishwe juu ya picha yenyewe, pamoja na tarehe ya kufunga. Na wekeni uthibitishaji wa hatua mbili, yaani namba ya siri ya ziada, kwenye WhatsApp ya kila admini. Anayetaka kuiteka akaunti huomba “msimbo wa tarakimu sita uliokuja kwako kwa makosa”, na admini mmoja akiutoa, tapeli anaomba pesa kwa jina lenu, kwa sauti ya mtu mnayemwamini.

Msiwalaumu pia wanaowahoji. Mwaka 2017 nchini Marekani kampeni moja kwenye GoFundMe, jukwaa la kuchangisha mtandaoni, ilikusanya zaidi ya dola 400,000 kwa ajili ya mtu asiye na makazi aliyedaiwa kumpa dereva dola zake 20 za mwisho. Habari yote ilikuwa ya kutunga, na jukwaa likawarudishia wachangaji pesa zao. Mtu anayeuliza “nitajuaje ni kweli?” mpeni barua ya makadirio ya gharama na jina la ofisi anayoweza kuipigia mwenyewe.

Tumlipe mtu maarufu aposti?

Hapana, isipokuwa ana uhusiano na jambo lenyewe. Wafuasi 200,000 wanaomfuata kwa mitindo ya nywele hawatafungua pochi kwa ajili ya kisima. Mwalimu mkuu mstaafu mwenye wanafunzi wa zamani 400 atawaletea zaidi, na bure. Kama mtu maarufu amejitolea mwenyewe, mwombeni achange kwanza, aonyeshe, ndipo aombe.

Tulitangaza tunapokea nguo kwa waathirika wa mafuriko. Miezi minne baadaye bado zinakuja, stoo imejaa na nyingi hazifai. Tunazizuiaje?

Bandiko halijui kwamba shida imekwisha. Rudini kwenye kila bandiko la mwanzo, mlihariri: neno “TUMEFUNGA” na tarehe viwe mstari wa kwanza, na picha ibadilishwe, kwa sababu kinachosambaa ni picha. Msifute, likifutwa, nakala zilizoko kwingine zinabaki bila wa kuzikanusha.

Safari nyingine msiombe “nguo”. Ombeni “mablanketi mapya 80 na sare za shule za wavulana wa miaka 7 hadi 12, mpaka Jumamosi”. Kila siku punguzeni idadi hadharani: bado 34, bado 9, yametosha. Wekeni bajeti ya usafiri na ya watu wa kuchambua, maana nguo za bure zina gharama. Kama vitu vinapatikana madukani karibu na waathirika, pesa ni bora: husafiri kwa dakika, na wao huchagua wanachohitaji.

Fedha zinaingia kwenye akaunti yangu binafsi kwa sababu ya haraka. Kuna ubaya?

Upo, hata kama wewe ni mwaminifu kabisa. Miamala mingi midogo ikiingia ghafla, benki au kampuni ya malipo inaweza kuisimamisha akaunti ikihoji chanzo cha fedha, na siku hiyo itakuwa ndiyo siku ya upasuaji. Ukiugua au ukifariki, pesa za watu zinaingia kwenye mirathi yako. Tena nchi nyingi zinadai kibali kwa anayechangisha umma. Ulizeni ofisi ya serikali inayohusika kabla ya kutangaza.

Fungueni akaunti ya kikundi yenye watia saini watatu, wawili wakihitajika kila pesa inapotoka. Wakati inafunguliwa, tenga namba mpya isiyo na hata senti ya matumizi yako. Daftari liwe na safu sita: tarehe, namba ya muamala, jina, kilichoingia, kilichotoka, salio. Mali bila daftari huisha bila habari. Kila Jumapili posti salio na picha ya risiti za wiki, ukizifunika namba za simu za watu.

Tulimchangia shangazi yetu matibabu, akafariki kabla fedha hazijaisha. Wengine wanasema zitumike kwa mazishi, wengine wanataka zirudishwe.

Poleni sana kwa msiba. Fedha hizo zilitolewa kwa matibabu, na kuzihamisha kimya kimya, hata kwa jambo jema, kutawaletea maneno wakati hamna nguvu ya kuyajibu. Kwanza lipeni madeni yote ya hospitali, kwa kuwa hayo yamo ndani ya ahadi mliyoitoa. Baada ya hapo mtu mmoja, asiye mfiwa wa karibu, aandike kwenye kundi la matangazo na kwenye ukurasa: kiasi kilichoingia, kilicholipwa, kilichobaki, na pendekezo moja la familia kuhusu salio. Watu wapewe siku 14. Anayetaka sehemu yake irudi atume namba ya muamala kwa mweka hazina, na arudishiwe kwa namba ileile aliyotumia kulipa, si nyingine, kwa sababu matapeli hujitokeza hapo pia wakidai walichanga. Kama salio halitoshi kumrudishia kila mtu alichotoa, kila anayeomba apate kwa uwiano wa mchango wake: zikibaki asilimia 30, aliyetoa 100 arudishiwe 30.

Siku ya 15 tekelezeni pendekezo, mweke risiti, mfunge namba ya malipo kabisa.